Pugu: Misheni na Shule Yake

Barabara ya Nyerere, inayotoka katikati ya Dar es Salaam kwenda uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, zamani ilikuwa Barabara ya Pugu. Aliyepewa barabara hiyo aliwahi kufundisha huko inakoelekea.

Pugu ni vilima vya Uzaramo. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika mwaka 1888, wakafungua misheni na kupokea watu waliokombolewa utumwani. Hawakukaa sana. Januari 13, 1889, vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani vikiwa vimepamba moto, misheni ilivamiwa; mabradha wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka hadi walipokombolewa. Wakatoliki huwakumbuka kama wafiadini, na wana haki. Lakini miezi michache kabla, Agosti 1888, kampuni ya Kijerumani ilikuwa imejitwalia forodha za pwani, na kwa watu walionyang'anywa bandari zao, kumtenga Mjerumani wa rozari na Mjerumani wa bunduki halikuwa jambo jepesi. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakiwa wameondolewa, eneo la Dar es Salaam lilishikwa na Wakapuchini wa Uswisi, watawa wa familia ya Mtakatifu Fransisko. Shule ya wavulana iliyokuja kutajika Pugu iliitwa kwa jina lake: Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Jirani yao, upande wa Kisarawe, walikuwa Waanglikana wa Minaki.

Mwaka 1953 akaja mwalimu wa historia aliyetoka kumaliza shahada Edinburgh, Julius Kambarage Nyerere. Aprili mwaka huo alichaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na tangu hapo alikuwa na kazi mbili. Mikutano ilikuwa mjini, vipindi vilikuwa Pugu, na kati yake kilomita kama ishirini. Gari hakuwa nalo, na njia hiyo aliikata kwa miguu mara nyingi. Kwa hiyo TANU ilipozaliwa kutokana na TAA Julai 7, 1954, rais wake alikuwa mwajiriwa wa misheni. Hilo halikuweza kudumu. Machi 1955 alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi ikabidi achague, siasa au chaki. Akajiuzulu, akarudi Butiama bila mshahara. Mwaka uliofuata kijana wa Lupaso, Benjamin Mkapa, alikuwa mwanafunzi wa Pugu. Sijui shule nyingine nchini iliyotoa rais mmoja kwenye meza ya mwalimu na mwingine kwenye dawati.

Kinachosimuliwa kwa sauti ya chini zaidi ni kwamba serikali ya mwalimu huyohuyo ndiyo iliyoichukua shule. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za madhehebu zilitaifishwa, ili mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakae darasa moja bila kuulizwa dini. Naona hoja ilikuwa nzito: elimu ya misheni ilikuwa imewaacha wengi nje, wakiwemo watoto wa Wazaramo wenyewe. Mtakatifu Fransisko akaondolewa kwenye jina, ikabaki Shule ya Sekondari Pugu. Kanisa lilibaki na misheni yake, ambako mahujaji hupanda hadi leo. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano ya kushirikiana katika elimu na afya, na makanisa yakaendelea kufungua shule mpya. Pugu ni ya serikali mpaka sasa.