Bunduki nyumbani: Jinsi familia za mashambani zinavyoweza kuwakinga watoto

WAHENGA walinena kwamba mtoto akililia wembe mpe. Maana ya methali hiyo ni kuwa atajikata, atalia, kidonda kitapona na funzo litabaki. Bunduki haimo katika hekima hiyo. Anayekosea nayo mara moja huenda asipate nafasi ya kujifunza, na mara nyingi anayelipia kosa hilo ni ndugu aliyeketi kando yake.

Suala hili linagusa familia nyingi nchini. Katika kaunti za Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Samburu na Laikipia, wizi wa mifugo umeifanya bunduki kuwa sehemu ya maisha ya wafugaji kwa miongo kadhaa. Kwingineko, wapo wenye mashamba na ranchi wanaomiliki silaha kwa leseni ili kulinda mali yao.

Makala haya yanaeleza ni nani anayeruhusiwa kuwa na bunduki, hatari inayomkabili mtoto anayeishi nayo chini ya paa moja, na hatua ambazo mzazi anaweza kuchukua hata kama hana kabati la chuma.

SHERIA INASEMAJE?

Umiliki wa silaha nchini Kenya husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kwa mujibu wa sheria hiyo, raia haruhusiwi kununua wala kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Mwenye jukumu la kutoa vyeti hivyo ni Bodi ya Leseni za Silaha.

Tofauti na Marekani, Katiba ya Kenya haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Leseni ni idhini tu, na anayeitumia vibaya anaweza kupokonywa. Aidha, uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, hivyo basi hakuna anayeweza kusema kuwa anaweka bunduki nyumbani ili awatafutie wanawe kitoweo.

Kundi la pili ni la polisi wa akiba. Kikosi hicho kilianzishwa mwaka wa 1948, na sasa kinatambuliwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011. Hawa ni wanavijiji waliojitolea kulinda jamii zao. Bunduki si mali yao bali ni ya serikali, lakini wengi hulala nayo nyumbani. Mwaka wa 2019 serikali ilitwaa silaha za wengi wao. Baadaye, mashambulizi yalipozidi, ilianza kuwasajili upya.

Kundi la tatu ni la wanaomiliki bunduki kinyume cha sheria, nyingi zikiwa zimepenyezwa kupitia mipaka. Mnamo Februari 2023 serikali iliwapa watu hao siku tatu kusalimisha silaha katika maeneo ya Bonde la Ufa yaliyokumbwa na ujangili, kisha ikaanzisha operesheni ya polisi na wanajeshi. Hata hivyo, bado zipo bunduki ambazo hazijasalimishwa.

NYUMBA NA MAFICHO YAKE

Ushauri mwingi kuhusu usalama wa bunduki umeandikwa kwa ajili ya nyumba zenye vyumba vingi, milango ya kufuli na kabati la chuma. Manyata ni kitu kingine. Baba, mama na watoto hulala mahali pamoja, na anapofikia baba, mtoto naye hufikia.

Anayemiliki silaha haramu huwa na tatizo zaidi. Kwa kuwa anawahofia polisi, huichomeka kwenye makuti au nyasi za paa, huifukia ghalani au huifunika kwa ngozi chini ya kitanda. Hayo ndiyo maficho ambayo watoto huyajua, kwa maana hupanda, huchimba na kuchungulia kila pembe wakati wazazi wako malishoni au kisimani.

Ukuta wa fito na udongo nao hauzuii risasi ya bunduki ya kivita. Risasi inayofyatuliwa ndani ya nyumba moja inaweza kupenya na kumpata aliyelala katika nyumba ya jirani.

JE, KUMWONYA MTOTO KUNATOSHA?

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto aliyekanywa hataigusa bunduki. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2001 ulionyesha vingine. Wavulana wa umri wa kati ya miaka 8 na 12 waliwekwa kwa makundi madogo katika chumba ambamo bastola halisi isiyokuwa na risasi ilikuwa imefichwa kwenye droo.

Kati ya makundi 29, makundi 21 yaliigundua bastola hiyo. Katika makundi 16, watoto waliishika, na katika makundi 10 angalau mmoja alivuta kifyatulio. Karibu wote walioishika walikuwa wamewahi kufunzwa kuhusu hatari za bunduki.

Hii si kusema kuwa mafunzo hayana maana. Mtoto anastahili kuambiwa wazi: ukiona bunduki au risasi, usiguse, ondoka mahali hapo, mwite mtu mzima. Lakini jukumu la kuzuia ajali ni la mzazi, wala halifai kutwikwa mtoto ambaye udadisi ndio tabia yake.

Funzo hilo pia linahusu vitu vinavyookotwa malishoni. Katika maeneo ya Archer's Post na Dol Dol, wachungaji, wakiwemo watoto, waliuawa na wengine kulemazwa kwa miaka mingi na mabomu yaliyosalia katika nyanja za mazoezi ya kijeshi. Mwaka wa 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa waathiriwa zaidi ya 200 fidia ya takriban pauni milioni 4.5. Chuma kisichojulikana hakiokotwi, hakipigwi jiwe wala hakitupwi motoni.

KOSA LINALOUA

Mojawapo ya makosa yanayosababisha ajali ni kudhani kuwa bunduki iliyochomolewa magazini haina risasi. Katika bunduki kama vile AK-47 na G3, risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba hata baada ya magazini kuondolewa. Risasi hiyo moja inatosha kuua.

Anayeondoa risasi anapaswa kufuata utaratibu huu, huku mtutu ukielekezwa mahali pasipo na mtu. Kwanza, aondoe kidole kwenye kifyatulio. Pili, achomoe magazini. Tatu, avute mtambo nyuma ili risasi iliyo ndani ya chemba iruke nje. Nne, achungulie chemba na kuigusa kwa kidole kuhakikisha ni tupu. Mwisho, afunge kizuizi cha usalama. Anayeanza kwa kuvuta mtambo kabla ya kuchomoa magazini huingiza risasi nyingine pasipo kujua.

Kazi hii haifanywi mbele ya watoto. Mtoto ni hodari wa kuiga, na alichokiona jana atakijaribu kesho.

"WEZI WAKIJA USIKU JE?"

Hapa ndipo penye ugumu. Polisi wa akiba atauliza, na ana haki ya kuuliza: bunduki iliyofungiwa sandukuni itanifaa nini majangili wakivamia boma saa nane za usiku?

Jibu ni kwamba bunduki inayolinda boma yapaswa kuwa mikononi mwa mtu aliye macho. Vijiji vinavyoweka zamu za ulinzi huwa na watu wachache wenye silaha tayari nje ya nyumba, na wengine wakaziweka zao bila risasi. Bunduki iliyojaa risasi kando ya mtu aliyelala fofofo haimlindi yeyote, na mtoto anayeamka kabla ya babake ndiye wa kwanza kuifikia.

Asiye na budi kulala nayo karibu anaweza kuacha chemba tupu na kuifunga magazini kiunoni mwake. Mtu mzima aliyefunzwa atahitaji sekunde chache tu kuiweka tayari. Mtoto atakayeiokota hataweza kufyatua chochote.

Mchana, asiye na kabati anaweza kutumia sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya nyumba. Risasi ziwekwe kando, katika chombo kingine chenye kufuli, na funguo zisitoke mwilini mwa mwenye silaha. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka wa 2005, uligundua kuwa visa vya watoto na vijana kujeruhiwa vilikuwa vichache katika nyumba ambamo bunduki ilifungwa bila risasi, na risasi kuhifadhiwa mbali nayo.

Jambo jingine ni desturi ya kumkabidhi mvulana bunduki anapopeleka mifugo malishoni. Kisheria, aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto. Anayempa silaha humweka hatarini mara mbili: anaweza kujijeruhi au kumjeruhi mwenzake, na huwa shabaha ya kwanza ya wavamizi.

AJALI IKITOKEA

Majeruhi wa risasi hufa upesi kwa kuvuja damu. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi na kwa nguvu bila kuachia. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haikomi, funga kwa nguvu kitambaa kipana juu ya kidonda, kwa upande ulio karibu na mwili, na ukumbuke saa uliyokifunga. Usijaribu kuitoa risasi. Mpeleke hospitalini mara moja.

Wapo wanaochelewa kwa kuhofia kuulizwa bunduki ilitoka wapi. Ifahamike kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Maswali ya polisi yatakuja, lakini yanaweza kungoja. Damu haingoji.

Mwisho, usalama huu si wa baba peke yake. Mama ana haki ya kujua bunduki iko wapi na kama ina risasi. Jirani naye ana haki ya kuuliza swali hilo kabla ya kumruhusu mwanawe kwenda kucheza katika boma la mwenzake, na machifu wanaweza kulizungumzia barazani bila kumtaja mtu. Kuuliza si utovu wa adabu. Anayeulizwa na ajibu kwa ukweli, kisha aende akaikague chemba kabla ya watoto kurudi nyumbani.