Kutoka Pampu ya Kijiji hadi Pampu ya Nyumbani: Historia ya Kutambua na Kurekebisha Hitilafu za Pampu za Visima Vijijini Musoma, Bunda na Butiama

1.0 Utangulizi

Historia ya maji vijijini nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata miradi: nani alifadhili, kisima kilizinduliwa lini, na watu wangapi walitarajiwa kuhudumiwa. Yaliyofuata baada ya uzinduzi, hasa siku pampu ilipogoma, yameandikwa kwa uchache. Hata hivyo, siku hiyo ndiyo iliyoamua iwapo mama angechota maji karibu na nyumba yake au angerudi mtoni na ndoo kichwani.

Insha hii inaichunguza historia hiyo katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara. Hoja yake kuu ni kwamba tangu Uhuru jukumu la kutambua na kurekebisha hitilafu ya pampu limehama mara mbili: limetoka kwa Serikali likaenda kwa kijiji, kisha likatoka kwa kijiji likaenda kwa kaya. Katika kila hatua chombo kilihama upesi kuliko maarifa ya kukitunza. Matatizo mengi ya visima vya nyumbani leo yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa kwa jicho hilo.

2.0 Ardhi na Maji Yake

Sehemu kubwa ya eneo hili imelala juu ya miamba mikongwe ya matale, yaani graniti, ambayo majabali yake huonekana waziwazi katika mji wa Musoma na vilima vya Butiama. Miamba ya aina hiyo haihifadhi maji kama mchanga. Maji hukaa katika tabaka la juu lililomomonyoka na katika nyufa zilizo chini yake. Ndiyo maana kisima kimoja kinaweza kutoa maji mwaka mzima ilhali cha jirani, kilichochimbwa hatua chache tu kutoka hapo, kinakauka kiangazi. Aidha, kina cha maji hupanda na kushuka kwa kufuata mvua, na jambo hili lina uzito mkubwa katika utambuzi wa hitilafu, kama itakavyoonekana baadaye.

Kabla ya kuja kwa pampu, Wajita, Wakwaya na Waruri wa mwambao walitegemea Ziwa Victoria, na jamii za bara, wakiwamo Wazanaki na Waikizu, zilitegemea chemchemi, mito na visima vifupi vilivyochimbwa kwa mkono. Vyanzo hivyo vilikuwa na kasoro za usafi na umbali, lakini vilikuwa na sifa moja ambayo pampu iliiondoa: kila aliyevitumia alizijua hitilafu zake. Kamba ikikatika ilionekana, na kisima kikijaa tope kilizibuliwa na wale wale walioteka. Pampu iliuficha utendaji wa kisima ndani ya bomba. Tangu hapo kulihitajika mtu wa kusoma dalili.

3.0 Pampu ya Serikali

Katika miaka ya 1960 Serikali ya Tanzania ilianza kubeba gharama za ujenzi wa miradi ya maji vijijini, na baadaye ikabeba pia gharama za uendeshaji. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 uliolenga kwamba ifikapo mwaka 1991 kila kaya ya kijijini iwe na maji safi ndani ya umbali wa mita 400. Kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwakusanya wananchi katika makazi mapya, na mahitaji ya maji ya pamoja yakaongezeka.

Dhamira ilikuwa njema, lakini utaratibu wa ukarabati ulikuwa wa kutoka juu. Pampu ilipoharibika, mwanakijiji hakutarajiwa kuigusa, bali kutoa taarifa na kumngoja fundi wa Serikali pamoja na gari, mafuta na kipuri. Kupanda kwa bei ya mafuta duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata vilidhoofisha kila kiungo cha mnyororo huo. Kipuri kidogo kama kikombe cha ngozi cha pistoni kiliweza kukisimamisha kisima kizima. Mwaka 1991 ulifika lengo likiwa halijatimia. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilikiri kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya maji vijijini haikuwa ikifanya kazi ipasavyo kwa sababu ya udhaifu wa uendeshaji na matengenezo.

4.0 Pampu ya Kijiji

Fikra mpya ilizaliwa nje na ndani ya nchi kwa wakati mmoja. Mwaka 1981, mwanzoni mwa Muongo wa Kimataifa wa Maji, Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa walianza kupima pampu za mkono katika nchi nyingi kwa kuuliza swali jipya: je, pampu hii inaweza kurekebishwa na mwanakijiji mwenyewe? Pampu ya Afridev, iliyoendelezwa Malawi na Kenya, ni tunda la swali hilo. Pistoni yake hutolewa bila kung'oa bomba la kupandishia maji, na kazi kubwa hufanywa kwa zana chache. Nchini Tanzania, miradi ya Mtwara na Lindi iliyofadhiliwa na Ufini ilieneza pampu ya Nira, na ile ya Shinyanga na Morogoro iliyofadhiliwa na Uholanzi ikaendeleza visima vifupi na pampu zake.

Katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara, fikra hiyo iliingia kupitia HESAWA, programu ya afya, maji na usafi wa mazingira iliyofadhiliwa na Sweden kuanzia mwaka 1985 hadi 2002. Programu hii ilitilia mkazo visima vifupi, pampu za mkono, kamati za kijiji na mafunzo kwa wanakijiji waliopewa jukumu la kuhudumia pampu. Umuhimu wake kihistoria hauko katika idadi ya visima tu. Kwa mara ya kwanza maarifa ya kutambua hitilafu yaliwekwa makusudi mikononi mwa mtu anayeishi hatua chache kutoka kisimani, mwenye spana na mwenye kujua mlio wa pampu yake.

Utaratibu huo nao ulikuwa na udhaifu. Ufadhili ulipokoma, upatikanaji wa vipuri ulitegemea soko, na soko la vipuri vya pampu za mkono lilikuwa dogo. Kamati zilibadilika na waliofunzwa wakazeeka au wakahama. Lakini misingi ya kazi yao ilibaki sahihi, na ndiyo inayohitajika leo.

5.0 Pampu ya Nyumbani

Tangu miaka ya 2000, mambo kadhaa yalikutana na kukifanya kisima cha nyumbani kuwa jambo la kawaida zaidi. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulisogeza umeme vijijini. Bei ya paneli za jua ilishuka. Matangi ya plastiki yakaenea madukani. Mwenye uwezo aliweza sasa kuchimba kisima uani, kuzamisha pampu ya umeme na kupandisha maji katika tangi lililo juu ya mnara.

Taasisi za umma hazikuachwa nyuma. Sheria ya mwaka 2019 iliunda RUWASA kusimamia maji vijijini pamoja na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, na mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama unapeleka maji ya ziwa katika maeneo ya bara. Hata hivyo, vyombo hivi vinahusika na huduma ya pamoja. Kisima cha nyumbani hakina kamati wala mhudumu aliyefunzwa, na mara nyingi hakina hata kumbukumbu ya kina chake. Mwenye nyumba amerithi jukumu lililokuwa la mhandisi wa Serikali na baadaye la mhudumu wa kijiji, bila kurithi maarifa ya yeyote kati yao. Matokeo yake ni kwamba dalili husomwa vibaya, na pampu nzima hununuliwa mahali ambapo ingetosha kubadilisha mpira mmoja.

6.0 Kusoma Dalili

Misingi ya utambuzi iliyofundishwa kwa ajili ya pampu za mkono ingali na nguvu. Mpini ukiwa mwepesi kupita kawaida na maji hayatoki kabisa, inawezekana fimbo za pampu zimekatika au zimeachana. Maji yakitoka kidogo ingawa kisima kina maji ya kutosha, vikombe au mipira ya pistoni huwa imelika. Maji yakichelewa kila asubuhi, vali ya chini au maungio ya bomba huwa yanavuja usiku. Jaribio lake ni rahisi: pampu husukumwa hadi maji yatoke, huachwa kwa dakika 30, kisha husukumwa tena. Ikihitaji mipigo mingi kabla ya kutoa maji, uvujaji umethibitika bila kufungua kitu chochote.

Kwa pampu ya umeme inayokaa juu ya ardhi na kunyonya maji, kosa kubwa la usomaji linatokana na fizikia. Pampu hiyo haiyavuti maji. Uzito wa hewa ndio unaoyasukuma kupanda ndani ya bomba. Usawa wa bahari, uzito huo unaweza kuyainua maji takribani mita 10 kinadharia. Musoma, ambako uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kiwango hicho hushuka hadi karibu mita 9, na kwa matumizi halisi haifai kutegemea zaidi ya mita 6 au 7. Kiangazi maji yakishuka chini ya hapo, pampu nzima na nzuri itaonekana imekufa, na mvua zikirudi itafufuka bila kuguswa. Mwenye kujua hili hupima kwanza kina cha maji kwa kamba yenye uzito kabla ya kumlaumu fundi au mota. Hewa inayoingia kwenye maungio ya bomba la kunyonyea huleta dalili zilezile, kwa hiyo maungio nayo hukaguliwa.

Kwa pampu ya kuzamisha, dalili husomwa juu ya ardhi. Mota inayovuma bila kuzunguka inaweza kuwa na kapasita mbovu, imepungukiwa na nguvu ya umeme, au imekwamishwa na mchanga. Swichi ya usalama inayokatika kila mara huashiria maji kuingia katika maungio ya waya au mota kuungua. Pampu inayotoa maji kwa muda mfupi kisha kunyamaza huenda imemaliza maji ya kisima, na kuiwasha kwa nguvu huiua, kwa kuwa mota hiyo hupozwa na maji yanayoizunguka. Kwa mfumo wa jua, vumbi juu ya paneli na kivuli cha mti uliokua hukaguliwa kabla ya kuing'oa pampu.

Jambo moja halina mjadala. Hakuna hitilafu inayostahili mtu kushuka kisimani peke yake. Hewa ya chini ya kisima inaweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote ya kuonya, na moshi wa injini ya petroli ndani ya kisima huua. Anayemfuata mwenzake aliyezimia ili amwokoe huwa naye hatarini. Umeme huzimwa kwanza, pampu huvutwa kutoka juu kwa kamba yake, na baada ya ukarabati kisima hutiwa klorini kwa kipimo kinachoelekezwa na afisa wa afya kabla maji hayajanywewa.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa swali la nani anamiliki pampu limejibiwa mara tatu kwa namna tofauti, lakini swali la nani anaijua pampu lilijibiwa vizuri mara moja tu, wakati mhudumu wa kijiji alipofunzwa na kukabidhiwa spana. Kisima cha nyumbani kimeirudisha jamii nyuma katika jambo hilo, ingawa kimeisogeza mbele katika umbali wa kuteka maji.

Njia ya kurekebisha hali haihitaji fedha nyingi. Kila kisima kinachochimbwa kinapaswa kuwa na taarifa inayobaki nyumbani: kina chake, kina cha maji wakati wa masika na kiangazi, na mahali pampu ilipowekwa. Vyombo vya watumia maji vinaweza kupanua mafunzo yao yawafikie wenye visima binafsi, na vyuo vya ufundi stadi vina nafasi ya kufundisha usomaji wa dalili sambamba na kufunga mitambo mipya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika visima vya Mara, ufa huo mara nyingi ni vali moja iliyovuja usiku bila mtu wa kuitambua asubuhi.