Kuzurura: Maana Yake, Vile Tunaitumia na Kwa Nini Garissa Ni Neno Zito

Neno lenyewe ni rahisi. Kuzurura ni kutembea huku na huku bila kazi wala mpango. Anayefanya hivyo ni mzururaji, na tabia yenyewe ni uzururaji. Ukiingia keja saa tatu usiku, mathe atauliza, "Umetoka kuzurura wapi?" Anajua ulikuwa kwa beste. Anataka tu ujue hajapenda.

Lakini Garissa neno hili lina bei, na bei inategemea nani amelisema.

Usichanganye na hizi

Kuzubaa: kuduwaa, mwili upo lakini akili imesafiri. "Usizubae, gari inaenda!"

Kurandaranda: kupitapita mahali pamoja, kawaida na nia unayoijua mwenyewe. "Huyo chali anarandaranda kwa geti yetu tangu asubuhi."

Kushinda: kumaliza siku mahali. "Leo nimeshinda base." Halina ubaya, ni ripoti tu.

Kubarizi: kukaa na watu mkipunga hewa na kupiga stori. Ni neno la ukoo mmoja na baraza. Wazee wa Zanzibar wakikaa Jaws Corner na kahawa wakibishana siasa, hao wanabarizi. Ukiwaita wazururaji utatafuta njia ya kutoka Mji Mkongwe.

Umeona? Kati ya hayo yote, kuzurura ndiyo inakuja na hukumu ndani yake.

Wasomali wanaitaje?

Kisomali kina neno kali zaidi: fadhi-ku-dirir. Fadhi ni kukaa, dirir ni kupigana. Yaani kupigana vita ukiwa umekaa. Ni wale wazee na vijana wa viti vya plastiki, chai ya maziwa ya ngamia mkononi, wanapindua serikali ya Mogadishu, wanapanga ugavana wa Garissa, kisha wanaitisha chai nyingine. Hakuna aliyesimama.

Wanaolitumia neno hili vizuri ni kina mama. Pita sokoni uone nani anauza maziwa na miraa juani, halafu uone nani amekaa kivulini akingoja handas ipande. Mama akisema fadhi-ku-dirir, hiyo si comedy. Anakuambia nani analisha nyumba.

Ila pia tuwe fair. Si kila aliyekaa ni idle. Soko la mifugo la Garissa ni kati ya makubwa Afrika Mashariki, na dalali wa ngamia hufanya kazi akiwa amekaa. Mvua imenyesha wapi, bei imeshuka kiasi gani, nani anauza: hizo habari zinapitia kwa kikombe cha chai. Hata salamu ya Kisomali, "Is ka warran?", ni kama kusema toa habari zako.

Mimi nilipoacha college nikarudi home, nilishinda chini ya mwarobaini miezi mingi. Majirani wakaniita mzururaji. Lakini ni hapo hapo msee mmoja alisikia najua kuandika, akanipa kazi ya kumtungia matangazo ya mbuzi ya WhatsApp. Hiyo ndiyo doh yangu ya kwanza ya kuandika.

Ikitoka kwa mdomo wa karao

Sasa skiza hii: "Wewe, unazurura nini hapa? Lete kipande."

Kwa kamusi, kuzurura inahitaji miguu. Kwa karao, hata aliyekaa kimya kwa stage anazurura. Na neno linalofuata huwa kipande. Hilo nalo si geni. Mkoloni alitunga sheria ya kipande 1915, na wanaume Waafrika wakaishia kukibeba shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Huku kwetu, ile iliyoitwa NFD, ilifungwa kabisa: kuingia na kutoka kulihitaji kibali.

Uhuru ulikuja, lakini sheria za hali ya hatari zilikaa Kaskazini Mashariki hadi 1991. Mwaka wa 1989 Wakenya Wasomali walipangwa foleni kupigwa msasa na kupewa kadi ya pinki, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Kisha, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, kafyu iliwekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Garissa jua huchoma mchana kutwa, na watu hutoka kubarizi likipoa. Saa ya kubarizi ikageuka saa ya kukamatwa. Nairobi na wengine mlionja hiyo kitu Machi 2020, wakati wa korona.

Sheria inasema nini?

Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji 1997. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za kukamata watu kwa uzururaji zinagongana na Mkataba wa Afrika. Na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza mwisho wa msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho kaunti za mpakani. Karatasi zinasonga. Neno bado liko mdomoni.

Itumie hivi

Ukijisema mwenyewe, hakuna noma: "Nilikuwa nazurura tu tao."

Kwa beste, ni utani: "Mzururaji, umeonekana!"

Kwa mtu mzima, usijaribu. Sema, "Adeer, nimekupata ukibarizi."

Na kwa kijana asiye na kazi, fikiria kwanza. Huenda hazururi. Huenda anangoja kipande alichoomba mwaka jana, na bila hicho hakuna kazi itakayomwinua hapo alipokaa.