Nyumba ya Chai na Vita Viwili

Ukifika Kericho, msomaji wangu, usiondoke kabla ya kulitazama jengo liitwalo Tea Hotel. Lilijengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950, wakati wenye mashamba walipokuwa katika kilele cha fahari yao. Ukisimama hapo utaizungukia bustani, kisha utaiona chai, imekatwa kwa usawa mmoja, kilima baada ya kilima. Usitafute tundu za risasi ukutani, maana nyumba hii haikupiganiwa. Vita vilikuwa vimekwisha zamani, na ndivyo vilivyowaandalia mahali walioijenga.

Vita vya kwanza vilipiganwa upande wa kusini, Sotik, ambako leo ni Kaunti ya Bomet. Wakipsigis wa huko walikuwa wamewavamia Wamaasai na kuchukua ng'ombe na mateka. Serikali ya Kiingereza ikawaamuru wawarudishe na kulipa faini, wakakataa. Basi mwaka 1905 likapelekwa jeshi la King's African Rifles chini ya Meja Pope-Hennessy, likiwa na bombom. Mbele ya silaha hiyo mkuki na ngao havikufua dafu. Watu wengi waliuawa, mifugo ikatwaliwa kwa maelfu, na baadaye sehemu ya nchi hiyo wakapewa walowezi. Ipime mwenyewe hukumu hiyo: kosa la kuteka ng'ombe liliadhibiwa kwa kuteka ng'ombe, na ardhi juu yake.

Vita vya pili havikupiganwa Kericho kamwe. Navyo ni Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Vilipokwisha, mwaka 1919, zikatengwa yapata ekari 25,000 za nchi ya Wakipsigis kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Tusiwacheke watu hao, waliumia kweli. Walipanda kitani, mmea ambao nyuzi zake zilifumwa kitambaa cha mabawa ya ndege za vita, na kwa hiyo bei yake ilikuwa juu sana. Baadaye bei ikaanguka, na baada ya miaka michache mpango wao ukavunjika.

Je, ardhi ilirudishwa kwa wenyewe? La. Katikati ya miaka ya 1920 iliangukia mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay.

Na askari Waafrika? Hao nao walipigana vita vivyo hivyo, na wapagazi wa Carrier Corps walikufa kwa makumi ya maelfu, aghalabu kwa maradhi na utapiamlo. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Lakini wanajeshi walipogawiwa mashamba, wao hawakupata hata ekari moja.

Mwaka 2022 Wakipsigis na watu wa ukoo wa Talai walipeleka shauri lao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Nawe ukitoka bustanini, mwamkie mzee mwenyeji kwa adabu, umwulize kile kilima cha mbele kiliitwaje kabla ya kupandwa chai. Usishangae akikutajia jina lake bila kusita.