Rejista ya Muuguzi na Leseni ya Programu: Kutoka Mradi wa Kasongo hadi DHIS2

Swali la leseni za programu huria huonekana kuwa la wanasheria na mafundi wa kompyuta peke yao. Makala haya yanalitazama kutoka Maniema ya kusini, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyopita Kabambare kuelekea Kasongo na kukieneza Kiswahili huko.

Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp ilianzisha Mradi wa Kasongo, ambapo vituo vidogo vya afya, kila kimoja na wakazi wake, viliunganishwa na hospitali moja ya rufaa. Fikra hiyo ilichangia mfumo wa kanda za afya. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika kanda 306. Leo Kongo ina zaidi ya 500, zikiwemo Kasongo na Kabambare. Kanda ni mfumo wa hesabu kama ilivyo mfumo wa tiba: kila mwezi muuguzi hujumlisha wagonjwa, chanjo na vifo kutoka rejista yake, na jumla hupelekwa ofisi ya kanda. Katika miaka ya 2010 jumla hizo zilianza kuingizwa katika DHIS2, programu yenye asili Afrika Kusini katika miaka ya 1990, inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo.

DHIS2 hutolewa kwa leseni ya BSD, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Masharti yake ni machache: tangazo la hakimiliki libaki, na jina la watungaji lisitumiwe kutangazia biashara bila idhini. Kampuni yaweza kuichukua programu, kuigeuza, kuficha chanzo chake na kuiuza. Kopilefti ni kinyume cha hayo. Kwa mujibu wa leseni ya GPL, aliyoiandika Richard Stallman na kuitoa mwaka 1989, anayegawa programu aliyoibadilisha sharti atoe na chanzo chake kwa masharti yale yale. OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ilishika njia ya kati kwa kufuata leseni ya Mozilla: faili lililobadilishwa hubaki wazi, bali sehemu mpya iliyoandikwa kando yaweza kufungwa.

Je, kopilefti ingezilinda kanda zetu zaidi? Wengi wangejibu ndiyo bila kusita. Mimi nina shaka. GPL hudai chanzo pale tu nakala inapogawiwa. DHIS2 hukaa kwenye seva, na ofisa wa kanda huifikia kwa kivinjari bila kukabidhiwa nakala ya programu hiyo ya seva. Kampuni inayoiendesha kwenye mitambo yake haijagawa kitu, hivyo GPL isingeibana. Ndiyo sababu mwaka 2007 ilitolewa AGPL ya toleo la tatu, inayompa haki ya chanzo hata mtumiaji wa mtandaoni, endapo programu imebadilishwa.

Muuguzi alipotuma fomu mjini, rejista ilibaki mezani kwake. Sehemu ya programu iliyofungwa haiachi chochote cha namna hiyo mkataba wa kampuni unapokwisha. Leseni ya BSD haiizuii wizara kudai, kabla ya kutia sahihi, kwamba kila badiliko lililolipiwa kwa fedha za umma likabidhiwe pamoja na chanzo chake. Wala haimlazimishi yeyote kuitimizia dai hilo likisahauliwa.