Kidakuzi na Kipande: Nani Alikubali Kufuatiliwa?

Mjadala wetu kuhusu faragha mtandaoni huanza na kuishia kwenye kitufe cha "Nakubali". Mimi napenda tuanzie mwaka 1994, kwa maana kitufe hicho ni kiraka tu juu ya uamuzi uliokwisha kufanyika.

Mwaka huo Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape huko California, alikuwa na tatizo la kiufundi. Tovuti hazikuwa na kumbukumbu. Kila ukurasa ulipofunguliwa, seva ilimwona msomaji kama mgeni asiyewahi kubisha hodi, hivyo duka la mtandaoni halikuweza kujua kwamba aliyejaza kikapu ndiye anayetaka kulipa. Njia rahisi ilikuwa kumpa kila mtumiaji namba moja ya kudumu itakayotambuliwa na tovuti zote. Montulli aliikataa, akijua ingefungua mlango wa ufuatiliaji. Badala yake alibuni kidakuzi: faili dogo linalotunzwa katika kompyuta ya msomaji na kusomwa na tovuti iliyoliweka pekee.

Mlango ukafunguliwa kwa nyuma. Ukurasa mmoja huweza kubeba tangazo kutoka seva ya kampuni nyingine, na seva hiyo nayo huweka kidakuzi chake. Kampuni yenye matangazo katika maelfu ya tovuti humwona msomaji yuleyule kila aendako. Mwaka 1997 wataalamu wa viwango vya intaneti walipendekeza kwamba vivinjari vikatae vidakuzi vya wageni hao hadi mtumiaji aamue vinginevyo. Netscape na Microsoft hawakufuata. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo suala la ridhaa lilipoamuliwa, na wasomaji hawakuwamo chumbani.

Mwaka 1999 kampuni ya matangazo ya DoubleClick iliinunua Abacus Direct, iliyokuwa na kumbukumbu za manunuzi ya kaya za Marekani. Nia ilikuwa kuunganisha nyendo za mtandaoni na majina halisi. Makelele ya umma yaliilazimisha kusitisha mpango huo Machi 2000, lakini kampuni yenyewe haikufa: mwaka 2008 Google walikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 3.1.

Wanafunzi wangu hupenda kulinganisha haya na kipande cha Kenya ya kikoloni, kilichobeba alama za vidole na rekodi ya ajira ya Mwafrika. Ulinganisho huo una kasoro, kwani kipande kilisimamiwa kwa faini na jela. Hata hivyo aliyekivaa shingoni alikihisi uzito wake, na Harry Thuku aliweza kuwakusanya watu mwaka 1921 kukipinga. Kidakuzi hakina uzito. Ni vigumu kuandamana dhidi ya kitu usichokiona.

Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ilitangulia mwaka 2019. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaweza kuanza na swali moja kwa mkandarasi aliyejenga tovuti ya taasisi yao: mwananchi anapofungua ukurasa wa kuomba cheti au kulipa ada, ni seva za nani nyingine zinazopata habari?