Amali, au ufundi stadi?

Tanzania Bara walipounda mamlaka yao mwaka 1994, waliiita ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ndiyo VETA. Zanzibar, kwa sheria ya mwaka 2006, ikawa na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni hapa Unguja, na Vitongoji kule Pemba. Kazi ni ileile, kumfunza kijana useremala, uashi, umeme, ila majina yameachana njia.

Stadi ni sifa: fundi stadi ni yule aliyekwisha kubobea. Amali, neno la Kiarabu, ni tendo lenyewe, na Mzanzibari hulisikia tangu chuo cha Kurani, pale mwalimu anapozungumzia amali njema. (Mitaani lina maana nyingine pia, ya mambo ya waganga. Wanaistilahi hawakuijali, na walifanya vyema.) Kwa hiyo elimu ya amali humtazama mtu anavyotenda hata kabla hajawa stadi. Kwa mwanafunzi naona jina hili ndilo linalofaa, na bara nako sasa limeingia: sera ya elimu toleo la 2023 imeweka mkondo wa amali katika sekondari.

Kuona tofauti ya kujua na kutenda, chukua mfano wa kiti cha enzi, kile cha mgongo mrefu, cha mbao nyeusi na kamba za kusuka. Mwanafunzi anaweza kueleza kwenye daftari kwamba vipande vyake huungwa kwa ulimi na tundu, akapata alama zote. Kuviunga ni shughuli nyingine. Ulimi hukatwa kwa msumeno kwenye ncha ya ubao, tundu huchimbwa kwa patasi kidogo kidogo, huku ukijaribisha kila mara. Ulimi ukizidi unene, ukiugonga kwa nguvu ubao wa tundu hupasuka. Ukiwa mwembamba, kiti hucheza. Msumari wa kuficha kosa haupo. Kitanda cha samadari ndiyo zaidi, maana miguu yake hukerezwa, na keezo haisomwi ubaoni.

Kipindi cha dakika 40 hakitoshi hata kwa tundu moja la mwanafunzi anayeanza. Shule ya serikali inayotaka kufundisha samani za Kiunguja kwa amali iunganishe vipindi hadi vijaze asubuhi nzima, na imwite fundi wa Mji Mkongwe afundishe, hata kama hana cheti.